Mteja Aliyekuja Kunifunga Mdomo

Mtu aliyempeleka baba yangu jela alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mguu juu ya mguu na kuniomba niwe wakili wake.

Nikamwagizia chai.

Najua unavyoniona. Ngoja kwanza nikueleze, halafu uniambie wewe ungefanya nini.

Mimi ni wakili. Siendeshi kesi za mashamba wala za wizi wa kuku. Kazi yangu ni hisa na ugomvi wa makampuni. Ukiuza hisa za kampuni hewa, ukipika hesabu ili bei ipande, au ukinunua mapema kwa sababu shemeji yako ni mkurugenzi na amekunong'oneza, mtu wa kukutoa jasho kizimbani ni mimi.

Nilianzia kwenye Mamlaka, ile ofisi ya serikali inayosimamia soko la hisa. Bosi wangu kitengo cha mashtaka alikuwa jamaa tuliyempa jina la Radi. Akianza kuhoji shahidi, hata askari wa mlangoni anajikuta amesimama wima.

Kila ninachokijua mahakamani nimekiiba kwake. Namna ya kusimama, namna ya kunyamaza, namna ya kumwacha mwongo aendelee tu mpaka kamba imwishie.

Halafu matajiri wakamwona. Wakamnunua, akahamia upande wa pili, akawa anawatetea watu walewale tuliokuwa tunawashtaki. Nilibaki pale Mamlaka miaka kadhaa, nikafunga madalali wa hisa, nikafilisi wakurugenzi, kisha nikafungua ofisi yangu.

Watu huniuliza kwa nini nilichagua kazi kavu namna hii. Huwa najibu kwamba napenda hesabu.

Uongo mtupu. Hesabu nazichukia tangu darasa la tatu. Nilichagua kazi hii kwa sababu ya mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa anakunywa chai yangu.

Tumwite Mwenyekiti. Ndivyo wote wanavyomwita, mpaka mkewe.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa fundi cherehani. Fundi kweli, wa suti, si wa kubandika viraka. Mtaa mzima ulimwamini, kwa sababu mtu anayekupima kiuno kila mwaka na hasemi umenenepa, huyo ni mtu wa siri.

Mwenyekiti alikuwa mteja wake. Siku moja akamwambia anajenga kiwanda cha saruji na anauza hisa, ila anataka ziwafikie watu wa kawaida. Akamwita baba yangu kaka. Akampa karatasi za uwakala, baba akasaini.

Baba akawaita majirani na ndugu nyumbani kwetu. Mwenyekiti akaja mwenyewe, akakaa katikati ya vitambaa vyetu, akawaambia, "Mkinunua kwa fundi, mmenunua kwangu."

Mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunywa. Alinipapasa kichwa bila kuniangalia.

Wakanunua. Baba mdogo akauza ng'ombe zake akanunua. Shangazi akanunua.

Kiwanda hakikujengwa hata choo.

Kesi ilipofika mahakamani, Mwenyekiti alisema hajawahi kukaa na wale watu hata siku moja. Alisema wakala alijiendea kivyake, akatumia jina la kampuni kuwaibia ndugu zake. Karatasi zote zilikuwa na saini ya baba yangu. Jina la Mwenyekiti halikuwepo popote.

Baba akaenda ndani.

Aliporudi alikuwa mwembamba na jina jipya lilikuwa limeshamsubiri mtaani: Tapeli. Shuleni mimi nilikuwa Binti Tapeli. Baba mdogo hakukanyaga tena kwetu, na hata mama yangu alipofariki alisimama upande wa pili wa barabara, akaangalia mazishi kama mpita njia.

Nilimchukia Mwenyekiti kwa namna ambayo sijawahi kumpenda mtu yeyote. Nasema ukweli. Mume wangu anajua na ameshazoea.

Sasa kwa nini sikumfungulia mashtaka nilipokuwa Mamlaka? Kwa sababu kesi ya saruji ilikuwa imeshafungwa kwa jina la baba yangu, na kampuni yenyewe ilikuwa imekufa. Nilikuwa nasubiri arudie. Watu wa aina yake hawaachi, wanapumzika tu.

Na kweli, akarudia. Safari hii alikuja na kampuni ya nyumba za bei nafuu, hisa zinauzwa mtaa kwa mtaa kupitia mawakala. Magazeti yakaanza kuandika kwamba wanahisa wanalalamika, nyumba hazionekani.

Nikasema moyoni, sasa umeingia anga zangu. Nikawa nasubiri wale wanahisa waje ofisini kwangu.

Akaja yeye.

Hakunitambua. Angenitambuaje? Natumia jina la mume wangu, na yeye alichowahi kuona ni utosi wangu tu.

Alikuwa mzee sasa, mnene, mwenye meno mapya. Lakini akicheka bado hewa ilimtokea puani kwa mluzi mwembamba, kama zamani. Nilipousikia ule mluzi nikaficha mikono chini ya meza.

"Wakili," akasema, "nasikia wewe ndiye kiboko ya kesi za hisa."

"Watu wanapenda kutia chumvi, Mwenyekiti."

"Kabla sijaanza. Nitakachosema humu kinabaki humu?"

"Kinabaki humu."

"Hata nikiondoka bila kukupa kazi?"

"Hata ukiondoka. Ndiyo sheria yetu."

Hapo nilipaswa kumsimamisha. Wakili makini huuliza kwanza jina la kampuni, huangalia kama kuna mgongano wowote, ndipo humruhusu mtu aongee. Lakini nilikuwa na njaa ya kumsikia, njaa ya miaka yote ile. Nikasema karibu, ongea.

Akaongea.

Alisema mawakala ndio ngao. "Sisaini kitu mimi. Napita mitaani kimyakimya, nawapa watu moyo, wakala ndiye anayesaini. Kikinuka, wakala ndiye anayenuka."

"Na ukikutana na wakala mkaidi?"

Akacheka ule mluzi. "Mkaidi simchukui. Natafuta mwenye imani. Zamani nilikuwa na fundi cherehani mmoja, masikini ya Mungu. Hakujua chochote yule. Nilimwita kaka, akasaini bila kusoma. Mambo yalipoharibika yeye akaenda jela, mimi nikaenda likizo. Sasa hivi kila mtaa nina fundi wangu."

Sikumbuki niliitikia nini. Nakumbuka nilikuwa naangalia kikombe chake na kuwaza kama kingevunjika vizuri usoni.

Akasimama, akalipa ada ya ushauri kwa dada wa mapokezi, akasema atanipigia.

Hakunipigia.

Wiki iliyofuata akaingia mama mmoja, nesi mstaafu, kiongozi wa wale wanahisa wa nyumba. Kiinua mgongo chake chote alikuwa amekitia kwenye ile kampuni. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kuzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa mwisho. Ukinikataa na wewe, narudi nyumbani nikalale."

"Wa mwisho kivipi?"

"Nimezunguka kwa mawakili wote wa hisa hapa mjini. Nikitaja tu jina la Mwenyekiti wanaangalia chini. Wote wanasema hawawezi, na hakuna anayesema kwa nini. Anawahonga, au?"

Nikapigwa na butwaa.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kwetu mawakili, mtu akishakuja kwako akakumwagia siri za kesi yake, huwezi tena kusimama dhidi yake, hata kama hakukuajiri. Na zile siri huzitoi kwa mtu yeyote, iwe mumeo, iwe mzazi wako. Ukizitoa, unafutwa uwakili.

Mwenyekiti hakuwa anatafuta wakili. Wakili alikuwa naye tayari, na kumbe ni Radi. Alikuwa anatufunga mdomo mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa kikombe cha chai na nusu saa ya mazungumzo, ili wale wanahisa wasipate wa kuwasemea.

Nami, niliyejiona mjanja kwa kumwacha aongee, nilikuwa nimeingia mkenge kwa miguu yangu.

Nikamwangalia yule mama. "Mama, siwezi."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

Akatikisa kichwa, akaanza kukusanya mkoba wake. Nilitamani kulia. Nilikuwa na maneno yote aliyoyahitaji, na maneno yale yalikuwa yanasafisha jina la baba yangu, na sikuruhusiwa kutoa hata herufi moja.

Alipofika mlangoni nikapata wazo.

"Mama, umeshaenda kwa Mama Talaka?"

"Nani huyo?"

Mama Talaka ni wakili mwenzetu. Kazi yake ni kuachanisha watu. Wanaume wa mjini hapa wakiona gari lake limeegeshwa mtaani kwao wanapitia mlango wa nyuma. Hisa hazijui, na kwa hiyo Mwenyekiti hakuona haja ya kwenda kunywa chai kwake.

Kumwelekeza mtu kwa wakili mwingine hakukatazwi. Nikamwelekeza, basi.

Jioni simu ikaita.

"We mtoto," sauti ya Mama Talaka, "umeniletea nini huku?"

"Sijui unachoongelea, dada."

"Kwa nini kesi hii huifanyi wewe?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema, au hutaki kusema?"

"Siwezi kusema."

"Aha. Alikuja na kwako."

"Siwezi kusema, dada."

"Basi nimeshakusikia. Lala salama."

Sasa, mawakili wa hisa tukipewa kesi tunaanza na mahesabu ya kampuni. Mama Talaka yeye anaanza na mwanaume. Maisha yake yote amechimba waume za watu: walilala wapi, walimdanganya nani, nyumba ndogo iko mtaa gani. Akamchimba Mwenyekiti vivyo hivyo, akarudi nyuma mpaka akafika kwenye kiwanda cha saruji.

Akafika kwa fundi cherehani.

Jumamosi moja akaja nyumbani kwangu bila taarifa, akamkuta baba amekaa sebuleni anamshonea mjukuu wake kaptula. Akamwomba awe shahidi.

Baba hakuinua hata macho. "Mahakamani niliingia mara moja. Ilinitosha."

"Mzee wangu, ni kwa faida yako."

"Binti yangu, mimi ni mfungwa. Wataniuliza jela nilikula nini, basi, na watu watacheka. Niache nimalize kaptula."

Mama Talaka akanigeukia. "Na wewe? Siku hiyo Mwenyekiti alipokuja kwenu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale. Nilimpelekea maji."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Baba akaacha kushona.

Sikukurupuka. Nilikwenda kwanza kwenye kamati ya maadili ya mawakili, nikauliza bila kueleza siri ya mtu. Wakanijibu vizuri: ulichokiona kwenu ukiwa mtoto ni chako, ulichoambiwa ofisini ni cha mteja. Cha kwako kiseme. Cha mteja kife na wewe.

Na hebu angalia ujinga wa Mwenyekiti. Kama asingekuja kunifunga mdomo, mimi ningekuwa wakili wa wale wanahisa, na wakili hawezi kuwa shahidi kwenye kesi anayoiendesha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenitoa kwenye kiti cha wakili na kunipeleka kizimbani.

Kesi ikaanza.

Utetezi wao ulikuwa uleule wa zamani, hata maneno hayakubadilishwa. Mwenyekiti hakai na wanunuzi. Mawakala walijiendea kivyao. Mama Talaka akaomba kuleta ushahidi wa kiwanda cha saruji, kuonyesha kwamba mchezo huu jamaa anaucheza tangu zamani. Radi akapinga mpaka mishipa ikamtoka. Jaji akaruhusu.

Nikaapa, nikasimama. Nilishasimama mahakama ile mara nyingi, lakini upande ule wa kizimba sikuwahi. Unaona kila uso.

Mama Talaka akaniuliza maswali machache. Nikasema nilichokiona: Mwenyekiti sebuleni kwetu, katikati ya vitambaa, na maneno aliyoyasema kwa kinywa chake.

Mwenyekiti ndipo aliponitambua. Akakaza macho, akamwangalia mkewe aliyekaa nyuma, akaniangalia tena. Lakini hakuonekana kuogopa sana. Mdomo wangu si alishaufunga?

Radi akainuka taratibu, akaweka joho lake sawa. Ananipenda Radi, kwa namna yake. Alitabasamu kama mwalimu aliyekutana na mwanafunzi wake sokoni.

"Wakili msomi, wewe ni binti wa yule mfungwa."

"Mimi ni binti wa yule fundi."

"Na unamchukia mteja wangu."

"Sana."

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza.

"Angalau ni mkweli," Radi akasema. "Ulikuwa na umri gani siku hiyo?"

"Nilikuwa darasa la tatu."

"Darasa la tatu! Leo una mvi. Mtu hubadilika, sivyo? Hunenepa, huzeeka. Utajuaje kwamba yule uliyempa maji ndiye huyu?"

"Kwa sauti yake. Na namna anavyocheka."

"Kwa sauti!" Radi akawageukia watu. "Mheshimiwa Jaji, shahidi anakumbuka sauti aliyoisikia akiwa anajifunza kuzidisha na kugawanya. Hebu tuambie, dada. Mara ya mwisho kuisikia sauti hii ilikuwa lini?"



"Mwaka jana," nikasema.

Watu wakageuka kumtazama Mwenyekiti.

Nataka uelewe kitu. Sheria ya kwanza ambayo Radi mwenyewe alitufundisha ni kwamba shahidi wa upande wa pili humuulizi swali ambalo jibu lake hulijui. Tulikuwa tunaiimba asubuhi kama wimbo wa shule. Ila mtu akizoea kushinda, masikio yake huziba.

"Mwaka jana wapi?"

"Ofisini kwangu."

Nyuma yake Mwenyekiti akanyoosha mkono, akavuta joho la Radi. Radi akausukuma ule mkono kama anafukuza inzi.

"Alikuja kufanya nini ofisini kwako?"

Nikamgeukia Jaji. Nakuapia, sauti yangu ilitoka yenyewe, safi, ya adabu. "Mheshimiwa Jaji, naomba nisijibu. Alikuja kama mteja. Aliyoyasema ni siri yake, na mimi sina ruhusa ya kuyatoa."

Jaji akamtazama Radi. "Wakili msomi?"

Na hapa lazima nikueleze kitu kuhusu Radi. Radi ana wivu na wateja kuliko mchumba mpya. Akisikia mteja wake amekwenda kuomba ushauri kwa wakili mwingine, hata wa kuulizia kodi ya nyumba, anamrudishia faili siku hiyohiyo. Kila wakili mjini anajua hilo.

Mwenyekiti naye alilijua. Ndiyo maana aliutembeza ule mchezo wake wa chai kwa kila mmoja wetu, na hakumwambia Radi hata neno.

"Mheshimiwa," Radi akanguruma, "mteja wangu hana wakili mwingine zaidi yangu na hajawahi kuwa naye! Shahidi ameshikwa na uongo, sasa anajificha nyuma ya siri ya mteja. Sisi hatuna siri. Ajibu!"

Mwenyekiti akavuta joho tena, kwa mikono miwili sasa.

"Wakili msomi," Jaji akasema polepole, "unaelewa unachokiomba? Siri hiyo, kama ipo, ni ya mteja wako. Ukiifungua imefunguka. Unahitaji dakika chache uongee naye?"

Dakika tu. Angegeuka tu, akainamisha sikio, mimi ningetoka pale mdomo wangu umefungwa mpaka kaburini.

"Sina haja, Mheshimiwa. Ajibu!"

"Radi!" Mwenyekiti akaropoka kwa sauti. "Kaa chini!"

"Nyamaza, niko kazini," Radi akamjibu bila kugeuka.

Jaji akaandika. "Shahidi, jibu swali."

Nikajibu.

Nilisema yote. Sikuongeza chumvi wala sukari. Nilisema mawakala ndio ngao. Nilisema kikinuka, wakala ndiye anayenuka. Nilisema kila mtaa ana fundi wake. Nikasema kuhusu fundi cherehani mmoja wa zamani, masikini ya Mungu, ambaye hakujua chochote, aliyeitwa kaka akasaini bila kusoma, akaenda jela na mwenzake akaenda likizo.

Yule nesi mstaafu alikuwa analia kwa sauti. Radi alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, mkono umeshika ukingo wa meza. Ile sauti yote ilikuwa imeenda wapi sijui.

"Una swali lingine, wakili msomi?" Jaji akamuuliza.

Radi akamgeukia mteja wake. "Ulikwenda kwake?" akamuuliza, palepale, mbele ya kila mtu.

Mwenyekiti akaliachia joho.

"Sina swali," Radi akasema, akakaa.

Mama Talaka akainuka nusu. "Nami sina la kuongeza, Mheshimiwa. Mwenzangu amenisaidia vya kutosha."

Nilirudi nyumbani nikiruka. Nilidhani baba atanikumbatia.

Nilimkuta amekaa, cherehani imefunikwa. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Ulijua tangu mwaka jana," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwaka mzima. Tunakula meza moja. Na mimi nakwenda dukani wananiita Tapeli, narudi unanipokea kikapu, na unajua."

"Ningekwambia, baba, wangenifuta uwakili, na maneno yenyewe yasingefaa mahakamani."

"Hilo nimelielewa."

Akainuka, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Hakunisemesha kwa siku kadhaa. Sikumlaumu. Nilimwongezea chuki hiyo Mwenyekiti kwenye zile zangu nyingine, maana hata hilo lilikuwa kosa lake.

Wanahisa walishinda, na mali za Mwenyekiti zikaanza kupigwa mnada. Radi alijitoa kwenye kesi, na nasikia siku hizi akihoji shahidi anageuka nyuma kila dakika. Mamlaka, wenzangu wa zamani, wakachukua yale maneno yangu na kufungua kesi ya jinai. Hukumu ya baba yangu ikapitiwa upya, ikafutwa.

Baba mdogo akapiga simu. Baba akaichukua, akasikiliza mtu mzima akilia upande wa pili.

"Samahani," akamwambia, "namba hii siijui." Akakata.

Mama yangu alizikwa bila shemeji yake. Nani anaweza kumlaumu mzee?

Siku Mwenyekiti anasomewa kifungo chake, niliamka nikamkuta baba sebuleni amevaa suti. Suti nyeusi, mpya, iliyomkaa kama amezaliwa nayo. Sikujua alikuwa akiishona lini.

"Twende," akasema.

"Wapi, baba?"

"Si mahakamani?"

Akakaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Jaji alipotaja miaka, baba hakucheka wala hakupiga makofi. Nilimtazama sana, nikitafuta dalili yoyote ya furaha. Nilichoona ni mtu anayesikiliza kwa makini.

Walipokuwa wanamtoa Mwenyekiti, amefungwa pingu, ilibidi apite mbele yetu. Askari akasimama kumpisha mtu. Mwenyekiti akainua macho, akamwona fundi wake.

Baba akainuka. Akamrekebishia kola ya koti, polepole, kama anavyowafanyia wateja.

"Pole, kaka," akamwambia. "Wakikuuliza utalala wapi, usilale karibu na mlango. Kuna baridi."

Mwenyekiti akaanza kulia. Alilia kama mtoto mpaka wanamwingiza kwenye gari.

Watu wazuri huniambia kwamba kisasi hakishibishi. Sijui wao walikula cha wapi. Mimi nilishiba, na usiku ule baba alikula sahani mbili.

Funzo? Lipo, na nalitoa bure, ingawa kwa kawaida ushauri wangu una ada yake. Ukiwa na kesi, mwambie wakili wako kila kitu. Anza na kile unachokionea aibu zaidi. Usipomwambia wewe, atakisikia kwa adui yako, amesimama, mbele ya jaji, na mkono wako uko kwenye joho lake unavuta.